Ardhi ya Jamii Haiuzwi na Mtu Mmoja

Ndugu mkulima, shamba lako la skimu, likiwa upande wa Kitale au upande wa Bungoma, lina namba yake na hati yake, na jina lililo katika hati ni lako. Lakini huko juu mlimani Elgon iko ardhi ambayo si ya mtu mmoja, wala si ya Serikali. Yafaa ujue mambo yake, maana huenda siku moja mtu akakujia akasema, "Mzee, ninazo ekari tano Chepkitale, nipe pesa leo."

Chepkitale ni nchi ya Waogiek, watu wa mifugo na asali. Wakati wa ukoloni ilikuwa rizavu. Baada ya Uhuru ikawa ardhi ya amana, mikononi mwa baraza la wilaya. Lifikiri sana neno hilo, amana. Mali ni yako, lakini funguo anazo mwingine. Sheria ya mwaka 1930 iliahidi kwamba ardhi za rizavu zitakuwa za Waafrika milele. Na mwaka 1932, baada ya dhahabu kuonekana Kakamega, sheria hiyo ikageuzwa ili ardhi iweze kutwaliwa bila wenyeji kuulizwa kwanza. Milele hiyo ilidumu miaka miwili!

Chepkitale nayo ilifanywa hifadhi ya wanyama mwaka 2000. Wenyeji walikwenda kortini, wakangoja miaka mingi, na tarehe 26 Septemba 2022 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Bungoma ikaamua kwamba tendo hilo lilikuwa kinyume cha Katiba.

Sasa tutazame sheria yenyewe. Katiba ya mwaka 2010 yasema ardhi ya jamii ni mali ya jamii, na Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 yaeleza namna ya kuitunza. Jamii hujiandikisha kwa Msajili. Watu wazima wote, wanaume kwa wanawake, ndio mkutano mkuu, nao huchagua kamati ya watu 7 hadi 15. Kamati ni mtumishi tu. Ikiwa ardhi itauzwa au kutolewa kwa njia nyingine, lazima theluthi mbili za watu wazima walioandikishwa wakubali. Kabla ya jamii kuandikishwa, serikali ya kaunti huishika ardhi kwa niaba yake, lakini haina ruhusa ya kuiuza.

Labda utauliza: je, mwenyeji hawezi kupewa sehemu yake? Aweza. Jamii yaweza kumpa mtu au jamaa mahali pa kutumia. Lakini mahali hapo hapatolewi hati ya peke yake. Kwa hiyo yule mwenye ekari tano, hata akiwa mtu mwema na jirani wa siku nyingi, hana cha kukuuzia. Karatasi yenye sahihi za wazee watatu na muhuri wa duka haitakusaidia kitu. Kabla ya kutoa hata shilingi moja, nenda ofisi ya ardhi ukaulize hapo ni ardhi ya namna gani, kisha uulize kamati ya jamii mbele ya watu.

Usidhani tena kwamba ardhi ya wote haina mwenye kuilinda. Waogiek wa Chepkitale wameandika kanuni zao wenyewe: kuchoma makaa ni marufuku, na tembo hawauawi. Mto Kuywa na Mto Malakisi hutoka katika mlima huo, nayo maji yake ndiyo yanayonyweshwa ng'ombe huku chini. Basi gunia la makaa likiletwa usiku kutoka mlimani kwa bei rahisi, uliza lilichomwa wapi kabla hujalipokea.