Sauti Zinazokusanya Jamaa ya Bata Bukini

Katika nchi za Ulaya, kando ya maziwa yenye matete, hukaa ndege mkubwa wa rangi ya kijivu, ndiye bata bukini wa mwitu. Mpita njia husikia makelele yao tu, kama ya sokoni. Lakini sikilizeni, enyi wasomaji: makelele hayo ni mazungumzo ya jamaa, na kila mmoja huijua sauti ya walio wake.

Jike hutaga mayai 4 hadi 6, akayaatamia kwa siku 27 au 28. Dume haatamii, hulinda. Kabla yai halijapasuka, kifaranga hulia ndani yake, naye mama humjibu kwa sauti ya chini. Hivyo husikilizana kabla ya kuonana.

Konrad Lorenz, mtaalamu wa Austria, aliwachunguza ndege hao miaka mingi katika kijiji cha Altenberg, karibu na Vienna. Aliona kwamba kifaranga akitoka yaini humfanya mama yule amwonaye kwanza akienda mbele yake na kumwitikia, hata akiwa mtu. Kifaranga mmoja aliyemwona Lorenz kwanza alitiwa chini ya mbawa za bata bukini wa kufugwa. Akatoka mbio akilia, akamrudia yule mtu. Usiku aliamka mara kwa mara, akiuliza kwa sauti nyembamba kama kwamba mama yupo. Asipojibiwa upesi, ulizo lake liligeuka kuwa kilio. Wala si deko hilo: kifaranga aliyepotewa na wazazi hufa kwa baridi au huliwa na mbweha. Habari hizo Lorenz aliziandika, na mwaka 1973 alipata tuzo ya Nobel pamoja na wenzake wawili.

Wakubwa nao wana lugha yao. Wakila majani kwa raha, hutoa silabi nyingi za chini chini. Silabi zikipungua, maana yake wataondoka. Dume akimfukuza adui, humrudia mkewe amenyosha shingo, akipaza sauti. Mke huitikia, watoto nao huingia katika shangwe hiyo. Ndivyo jamaa inavyofungamana.

Baridi ikikaribia, wengi wa nchi za kaskazini huruka mpaka Uholanzi na Hispania. Nani huwafundisha vijana njia? Wazazi wao, kwani husafiri pamoja, wakiitana angani hata gizani, na kukaa pamoja mpaka baridi iishe.

Wakati wa kutaga ukirudi, wazazi huwafukuza watoto wa mwaka uliopita, pengine kwa ukali wa kushangaza. Lakini mayai mapya yakiharibika, vijana hao huweza kuwarudia wazazi wao, na shangwe ile ya shingo husikika tena.