Presha ya Damu kwa Mja Mzito: Nasaha kwa Watu wa Nyumbani

Katika maradhi yampatayo mja mzito, ni machache yanayotaka hadhari kama presha ya damu, kwa sababu aghalabu humwingia mama naye akijiona mzima kabisa, anateka maji, anasonga ugali, anakwenda shamba, ilhali mishipa yake imekwisha kulemewa. Basi asingoje kuumwa ndipo aende kupimwa. Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani limeshauri mja mzito ahudhurie kliniki si chini ya mara 8, ya kwanza kabla ya wiki 12 kupita. Na mwenye presha huitwa mara nyingi zaidi.

Siku ya kupimwa aende haja ndogo kwanza, kisha aketi ametulia kwa dakika 5, mgongo ameuegemeza, nyayo zote mbili sakafuni, na mkono umelazwa mezani sawa na moyo. Aliyefika akihema kwa mwendo, akapimwa papo hapo, hapati kipimo cha kuaminika. Namba ya juu ikifika 140, au ya chini 90, hiyo ni presha; zikifika 160 au 110, ni jambo la kutibiwa saa ile ile. Mkojo nao upimwe protini, maana presha iliyozuka baada ya wiki 20 pamoja na protini yaweza kuishia katika kifafa cha mimba.

Dawa alizoandikiwa azinywe kila siku, hata akijihisi hajambo, kwa kuwa nafuu ile ni kazi ya dawa yenyewe. Aliyekuwa akitumia dawa za presha kabla ya kushika mimba amwarifu tabibu mapema, kwani baadhi yake, kama kaptopili na enalapili, humdhuru mtoto tumboni na hubadilishwa. Vidonge vya jirani asiviguse. Chakula kiwe cha kawaida: dagaa, maziwa, mchicha, matunda, na chumvi ya kiasi.

Linalonihuzunisha mno ni kwamba ziko nyumba ambamo mama akianguka na kutetemeka husemwa amepandwa na shetani, akafukizwa ubani, akaandikiwa kombe, na saa zikapita. Dua isiachwe, lakini isomwe njiani, gari likielekea hospitali, ambako iko sindano ya magnesiamu ya kukizuia kifafa hicho. Mlazeni kwa ubavu wa kushoto, wala msimtie kitu chochote kinywani.

Kabla ya kuanguka huko aghalabu hutangulia kichwa kuuma bila kukoma, macho kuona ukungu au vimulimuli, maumivu chini ya mbavu, au uso na mikono kuvimba ghafla. Hata mtoto kupungua kucheza tumboni si jambo la kulalia. Na hatari haiishi kwa kujifungua, kwani kifafa chaweza kumshika mzazi siku kadhaa baadaye. Kwa hiyo arejee kupimwa. Enyi waume na mama wakwe, nawasihi: wekeni nauli ya hospitali kando tangu leo, na dalili moja ikitokea, hata iwe usiku wa manane, msimwambie asubiri kupambazuke.