Neno SATIVUS: Maana Yake na Sarufi Yake

Mwanafunzi wa biolojia hukutana na mpunga kwa jina la Oryza sativa, kitunguu saumu kwa jina la Allium sativum, na tango kwa jina la Cucumis sativus. Huenda akadhani kwamba hayo ni maneno matatu mbalimbali, au kwamba mpiga chapa amekosea. Sivyo. Neno ni moja, nalo ni kivumishi cha Kilatini.

Maana

Kivumishi hiki kinatokana na kitenzi serere, yaani kupanda mbegu. Maana yake ni "-a kupandwa". Hutofautisha mmea wa shambani na ule wa mwituni. Hakielezi utamu wala ubora wake.

Sarufi

Nomino za Kilatini zina jinsia tatu: ya kiume, ya kike, na isiyo ya kiume wala ya kike. Kivumishi hufuata jinsia ya nomino yake: sativus, sativa, sativum. Jambo hili si geni kwetu, kwani husema mti mzuri, kiti kizuri, tunda zuri. Upatanisho wetu huonekana mwanzoni mwa neno. Wa Kilatini huonekana mwishoni.

Katika jina la mmea, nomino ni jina la jenasi. Kwa hiyo mmea ukihamishiwa jenasi nyingine, kivumishi huweza kubadilika. Mwaka 1753 Linnaeus aliuita mkunde Dolichos unguiculatus. Ulipohamishiwa baadaye katika jenasi Vigna, ambayo ni ya kike, ukawa Vigna unguiculata.

Tahadhari

Kwanza, mwisho wa -us si dalili ya hakika ya jinsia ya kiume. Majina mengi ya kale ya miti ni ya kike. Ndiyo maana msonobari mmoja huitwa Pinus patula, si Pinus patulus. Pili, si kila neno la pili ni kivumishi. Mays katika Zea mays, yaani mhindi, ni nomino, nayo haifuati jinsia ya Zea.

Kanuni za kimataifa za majina ya mimea zinadai upatanisho huu. Basi anayeandika Oryza sativum amekosea jina lenyewe, kama asemavyo mtu "kiti mzuri". Mwalimu asiwakaririshe wanafunzi tu. Awazoeze kuuliza: nomino hii ni ya jinsia gani?

Zoezi

Lactuca (saladi) ni ya kike. Raphanus (figili) ni ya kiume. Pisum (njegere) si ya kiume wala ya kike. Kamilisha kila jina kwa kivumishi tulichojifunza.

Majibu: Lactuca sativa, Raphanus sativus, Pisum sativum.