Amekula Nini Leo Asubuhi?
Somo la robo hii kwa kamati za parokia na wote wanaojitolea kwenye siku ya kuhasi mbwa na paka



Ndugu wanakamati, na ninyi wafadhili wetu wa karibu na wa mbali, somo la robo hii linahusu huduma ambayo baadhi ya parokia zimeianza na nyingine zinaiulizia. Ni kliniki ya bure ya siku moja ya kuhasi mbwa na paka, pamoja na kuwachanja dhidi ya kichaa cha mbwa. Wengi hudhani kazi yote siku hiyo ni ya daktari wa mifugo. Ni kweli kwamba kisu anashika yeye peke yake. Lakini mnyama kurudi nyumbani mzima kunategemea sana wale wanaoandikisha, wanaopima uzito, wanaokaa kwenye mkeka na wanaotembelea kaya baadaye. Nami nilijifunza hilo kwa kukosea, kama nitakavyoeleza hapa chini.

Lengo la somo: Kamati ikimaliza kulisoma iweze kueleza kwa nini huduma hii inafaa, kugawa kazi kwa watu wa kujitolea, na kutoa taarifa ya kweli kwa waliochangia.

1. Kwa nini parokia ijishughulishe na mbwa?

Swali hili huulizwa kwenye kila kikao: "Watu wanakosa dawa, nasi tunatibu mbwa?" Ni swali la haki, na jibu lake lianze kwa binadamu. Utafiti wa mwaka 2015 ulikadiria kwamba kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia. Karibu wote, yaani asilimia 99, huambukizwa na mbwa. Kati ya kila wanaofariki 10, karibu 4 ni watoto wa chini ya miaka 15. Kwa Tanzania, utafiti uliochapishwa mwaka 2002 ulikadiria vifo karibu 1,500 kwa mwaka, idadi kubwa mno kuliko ile iliyokuwa ikiripotiwa. Wengi walifia nyumbani bila kuandikwa popote.

Dalili za ugonjwa huu zikishaanza, mgonjwa karibu kila mara hufa. Chanjo za baada ya kung'atwa huokoa maisha, lakini ni ghali, hazipatikani kila zahanati, na familia nyingi huuza kuku au mbuzi ili kuzifuata mjini. Kumchanja mbwa mmoja ni gharama ndogo sana ukilinganisha na hiyo. Hivyo basi, anayemchanja mbwa wa jirani anamlinda mtoto wa jirani.

Tukumbuke pia kwamba imani yetu haijawasahau wanyama. Kitabu cha Mithali (12:10) kinahesabu kumjali mnyama kuwa alama ya mtu mwenye haki. Amri ya Sabato katika Kutoka 23:12 inawapa mapumziko ng'ombe na punda. Na katika Kitabu cha Tobiti, kijana Tobia anaposafiri na malaika, mbwa naye yumo njiani.

2. Chanjo na kuhasi: kila moja na kazi yake

Hapa tuwe wakweli, maana wakati mwingine wahisani huelezwa mambo yasiyo sahihi. Kuhasi peke yake hakuzuii kichaa cha mbwa. Kinachozuia ni chanjo, na wataalamu wanashauri kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa wote wa eneo, kila mwaka, watoto wa mbwa wakiwemo. Kisiwani Pemba ugonjwa ulidhibitiwa kwa chanjo ya mbwa, ukarudi mwaka 2016, na kufikia 2018 ukawa umekatwa tena kwa njia ileile. Parokia ikiwa na fedha za jambo moja tu, basi ichanje.

Kuhasi kunasaidia namna gani? Tuchukue mfano wa kijiji chenye mbwa 200. Mmechanja 150, yaani asilimia 75. Ndani ya mwaka mbwa 60 wanakufa, na kati yao 45 walikuwa wamechanjwa. Wanazaliwa wengine 60 wasio na chanjo. Sasa mna waliochanjwa 105 kati ya 200, yaani asilimia 52 na nusu, na kinga ya kijiji imeshuka bila mtu kukosea popote. Jike mmoja hubeba mimba kwa siku 63 hivi, na anaweza kuzaa mara mbili kwa mwaka. Wazaliwa wakipungua, kinga inadumu zaidi. Aidha, hupungua watoto wa mbwa wanaotupwa sokoni na kwenye majalala, na madume wengi hupunguza kuzurura kufuata majike.

Kuwaua mbwa kwa sumu au risasi, kama vijiji vingine vilivyozoea, hakujamaliza ugonjwa. Wenye mbwa huwaficha, waliochanjwa huuawa pamoja na wasiochanjwa, na nafasi iliyoachwa hujazwa na mbwa wageni.

3. Kisa cha Popi

Katika kliniki mojawapo nilikuwa meza ya uandikishaji. Kijana wa miaka kama 11 alifika mapema na mbwa jike aitwaye Popi, amemfunga kwa kamba ya katani. Walikuwa wametembea tangu alfajiri. Nilimwuliza kama nilivyowauliza wote: "Mbwa hajala, eti?" Akajibu, "Hajala, mama." Nikaweka alama kwenye daftari.

Popi alikuwa amekula. Bibi yake yule kijana alimwonea huruma kwa safari ile ndefu, akampa ugali na mchuzi wa dagaa kabla hawajatoka. Kijana alilijua sharti la kufunga, kwa kuwa lilitangazwa kanisani. Aliogopa kurudishwa. Mnyama aliyepewa nusu kaputi akiwa ameshiba anaweza kutapika akiwa hajitambui, na matapishi yakaingia kwenye mapafu. Ndivyo ilivyotokea. Daktari alihangaika naye sana, lakini Popi alikufa saa tano kasoro.

Mchana ule mimi na katibu wa kamati tulimsindikiza kijana nyumbani. Tulimweleza bibi ukweli wote na kumwomba radhi. Bibi alinyamaza, kisha akasema, "Ningejua, nisingempa. Ila na ninyi mngemwuliza vizuri." Popi ndiye aliyekuwa akilinda mbuzi wake usiku.

Nimelitafakari sana jibu la bibi. Swali langu lilikuwa na jibu ndani yake. Nilimwuliza mtoto anayeogopa kurudishwa, nikampa na maneno ya kujibu. Tangu siku hiyo tunauliza hivi: "Amekula nini leo asubuhi?" Na kabla ya kuuliza tunasema: "Aliyekula harudishwi. Leo atachanjwa, na nafasi yake ya kuhasiwa tunaiandika." Hatuandiki tena kwa maneno tu, nafasi ya siku inayofuata huwekwa jina la mnyama pale pale mbele ya aliyemleta. Siku ya kwanza tuliyouliza hivyo, wanane walisema kweli kwamba wanyama wao wamekula. Najiuliza ni wangapi walikuwa wamepita mbele yangu siku za nyuma.

4. Kazi nne za watu wa kujitolea

(a) Mezani. Andika jina la mwenye mnyama, kitongoji, jina la mnyama, umri, na kama ana mimba, ananyonyesha au yuko kwenye joto. Majike wa namna hiyo daktari aambiwe mapema, kwani jike mwenye mimba au aliye kwenye joto hutoka damu zaidi. Uliza chakula kama tulivyoeleza. Mbwa mzima asile tangu usiku uliotangulia. Maji anaweza kunywa hadi asubuhi. Wadogo sana hawafungi muda mrefu hivyo, na daktari ndiye atakayesema.

(b) Kwenye mizani. Dozi ya dawa ya usingizi hufuata kilo, kwa hiyo uzito wa kukisia ni hatari. Mbwa hufungwa mdomo kwa bendeji kabla ya kunyanyuliwa, hata akiwa mpole, maana hofu humbadilisha. Paka waletwe ndani ya kapu lenye kifuniko au gunia la wavu la vitunguu wapate hewa, na foleni yao iwe mbali na ya mbwa.

(c) Kwenye mkeka. Hapa ndipo panapohitaji watu wavumilivu. Mnyama aliyetoka kwenye upasuaji alazwe ubavu, shingo inyooke, ulimi uvutwe nje kidogo. Mwangalie anavyopumua bila kuondoka. Dawa ya usingizi hushusha joto la mwili, hivyo afunikwe khanga au blanketi, na wadogo wawekewe chupa za maji ya uvuguvugu zilizofungwa kitambaa. Asipewe maji wala chakula kabla hajasimama vizuri. Aliyeamka asilazwe karibu na anayelala. Ukiona fizi zimekuwa nyeupe au damu inachuruzika, mwite daktari mara moja. Usingoje amalize anachofanya.

(d) Nyumbani. Mwenye mnyama aelezwe kwa mdomo, kisha arudie mwenyewe aliyoyasikia. Kwa siku 10 mnyama asioge, asilowe mvua, asikimbizwe, na asiachwe alambe mshono. Nyuzi zisizoyeyuka huondolewa baada ya siku 10 hadi 14. Dume anaweza bado kuzalisha kwa wiki kadhaa baada ya kuhasiwa, kwa hiyo watu wasishangae. Jumuiya ndogo ndogo zigawane kaya na kuzitembelea siku ya 3 na siku ya 10.

5. Mipaka ya kazi yetu

Upasuaji na dawa ya usingizi ni kazi ya daktari wa mifugo aliyesajiliwa. Kwa Tanzania, Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 inasimamia jambo hilo. Mtu wa kujitolea asikubali kuchoma sindano ya usingizi "kwa kuwa foleni ni ndefu". Ikiwa ni ndefu, ifupishwe. Afisa mifugo wa kata na uongozi wa kijiji washirikishwe tangu mwanzo.

Watoto huleta mbwa kwa sababu mara nyingi ndio wanaowalisha. Wapokelewe kwa heshima, lakini wasishike mbwa wa wengine. Akitokea mtu kung'atwa au kukwaruzwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo. Asipakwe mafuta, pilipili wala majivu.

Pale tunapoishi na jirani zetu Waislamu, tuwaalike kama kawaida. Wengi wana paka, na wapo wenye mbwa wa ulinzi. Tuweke maji ya kutosha ya kunawa, na tuwe na watu wa kuwashikia mbwa wale wasiopenda kuguswa na mate ya mbwa kwa sababu za kidini. Si jambo la kufanyia mzaha.

6. Taarifa kwa wafadhili

Taarifa nyingi huandika idadi ya waliohasiwa na kuishia hapo. Tunaomba kamati ziandike mambo manne: waliochanjwa ni wangapi kati ya mbwa wote wa kijiji, waliohasiwa ni wangapi, waliotembelewa siku ya 10 na hali zao, na waliokufa, pamoja na sababu. Nanyi wafadhili, mkiona kifo kimeandikwa, msidhani parokia hiyo ndiyo dhaifu. Daftari lisilo na tatizo hata moja kwa miaka mingi linahitaji kuulizwa zaidi. Sisi tuliandika jina la Popi, na waliochangia hawakutuacha. Walituuliza tumebadilisha nini, tukawajibu.

Kwa parokia zinazopanga tarehe, tunapendekeza juma linaloanzia 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, hadi 4 Oktoba, sikukuu ya Mtakatifu Fransisko wa Asizi. Hesabu ya mbwa wa kila kitongoji ifanyike mwezi mmoja kabla.

Maswali ya kujadili kwenye kamati

1. Kijijini kwetu kuna mbwa wangapi, na nani anaweza kuwahesabu?
2. Mtu akisema ukweli mezani petu, je, anapoteza nini? Tufanye nini asipoteze?
3. Ni nani kati yetu wanaoweza kukaa kwenye mkeka saa nzima bila kuinuka?
4. Fedha zikitosha chanjo tu, tutawaelezaje waumini?
5. Ni huduma gani nyingine za parokia tunazouliza maswali yenye jibu ndani yake?