Kabla Hujasema Hisa Hiyo Ni Rahisi

Wadogo zangu, ninyi mlioanza kununua hisa kwa simu mnaniletea swali moja kuliko yote: "Dada, bei imeshuka chini ya wastani wake wa siku 200. Si sasa ndiyo rahisi? Ninunue?" Nalipenda swali hili. Anayeliuliza ameshaacha kununua kwa kusikia ya watu, ameanza kutazama namba. Lakini ndani yake mna maswali mawili yaliyofungwa pamoja, na tusipoyafungua mtu atanunua kwa sababu moja huku akidhani ana sababu mbili.

Tuanze na wastani wenyewe. Unachukua bei ya kufunga soko ya kila siku kwa siku 200 zilizopita za biashara, unazijumlisha, unagawa kwa 200. Kesho unaongeza bei ya kesho, unaiondoa ile kongwe kuliko zote, unagawa tena; ukizichora namba hizo siku kwa siku, unapata mstari. Soko la Nairobi na la Dar es Salaam hufanya biashara Jumatatu hadi Ijumaa, kwa hiyo siku 200 za soko ni miezi tisa na zaidi ya kalenda. Kama hesabu ya kila siku inakuchosha, chukua bei ya mwisho wa mwezi kwa miezi kumi. Utapata mstari unaokaribiana na huo, na daftari la shule linatosha.

Sasa angalia kilichoingia kwenye hesabu: bei tupu. Faida ya kampuni haimo, madeni hayamo, gawio halimo. Wastani huu unailinganisha bei na bei ileile ya jana na juzi, nao huifuata nyuma kama tela linavyofuata lori, haujawahi kutangulia. Kwa hiyo unaweza kukuambia wanunuzi na wauzaji wameelekea wapi, na bei imekimbia umbali gani kutoka mahali ilipozoea kukaa. Ukiuuliza kampuni ina thamani gani, unauuliza kitu ambacho haukupewa.

Tuiweke kwenye hisa ambayo wengi wenu mnayo. Safaricom iliuzwa kwa umma mwaka 2008 kwa shilingi 5 za Kenya. Agosti 2021 bei ilipita shilingi 44, juu kabisa ya wastani wake wa siku 200. Anayefuata mstari peke yake alisema mambo ni mazuri, kaa ndani. Lakini chukua faida kwa kila hisa ya miaka mitano ya fedha, kuanzia ule ulioishia Machi 2017 hadi ule wa Machi 2021. Wastani wake ni kama shilingi 1.54; huo ndio ninaouita faida ya kawaida. Mtu aliyenunua kwa 44 alilipa zaidi ya mara 28 ya faida ya kawaida ya mwaka. Gawio la mwaka ulioishia Machi 2021 lilikuwa shilingi 1.37 kwa hisa, yaani asilimia tatu hivi ya pesa aliyotoa.

Nenda sasa hadi mwisho wa 2023. Hisa ileile iko kwenye shilingi 14 hivi, na imekuwa chini ya wastani wake kwa muda mrefu. Fanya hesabu ileile ya faida, miaka mitano iliyoishia Machi 2023, unapata karibu shilingi 1.68. Bei ni mara nane na kidogo ya faida ya kawaida, na gawio la shilingi 1.20 ni zaidi ya asilimia nane ya bei. Tafadhali soma namba hizo tena polepole. Faida ya kawaida ilipanda kidogo, bei ikashuka hadi theluthi moja.

Sababu zilikuwepo, na si za kupuuzwa. Kuanzisha biashara Ethiopia, ambako huduma zilizinduliwa mwaka 2022, kulikula pesa nyingi. Shilingi ya Kenya ilikuwa ikidhoofika, na wawekezaji wa nje walikuwa wakiuza. Hati za hazina za serikali zilikuwa zinalipa karibu asilimia 16, sasa nani aende kuhangaika na hisa? Mstari wa wastani ulizibeba sababu zote hizo bila kuzitaja hata moja.

Hapa ndipo wengi huniuliza: basi wastani wa bei hauna kazi? Unayo, tena kubwa. Mapema mwaka 2022 bei ya Safaricom ilikuwa imeshateremka chini ya mstari, ikiwa bado kwenye shilingi thelathini na kitu. Aliyeiheshimu dalili hiyo aliepuka sehemu kubwa ya maporomoko. Na yule aliyesema "iko chini ya wastani, kwa hiyo ni rahisi," akanunua siku hizohizo, alisubiri karibu miaka miwili huku pesa yake ikipungua zaidi ya nusu. Wote wawili waliutazama mstari mmoja. Mmoja aliuuliza mwelekeo, mwingine aliuuliza thamani.

Kama unataka wastani utakaokusaidia kuhusu thamani, weka faida ndani yake. Si wazo langu. Benjamin Graham na David Dodd, katika kitabu chao cha mwaka 1934 kiitwacho Security Analysis, walishauri faida ihesabiwe kwa wastani wa miaka kadhaa, hata kumi, kwa sababu mwaka mmoja unaweza kudanganya kwa uzuri au kwa ubaya. Baadaye Robert Shiller wa Chuo Kikuu cha Yale alijulikana sana kwa kuigawanya bei ya soko zima la Marekani kwa wastani wa faida ya miaka kumi, baada ya kuondoa mfumuko wa bei. Ripoti za mwaka za kampuni zilizo sokoni hupatikana bure kwenye mitandao yao. Faida kwa kila hisa huandikwa chini ya taarifa ya mapato. Nawasihi mwisome hiyo kabla ya chati yoyote.

Utaratibu ninaoupendekeza, basi, ni huu. Kwanza pata faida ya kawaida, ugawe bei kwa hiyo, uone unalipa mara ngapi, kisha uilinganishe na miaka iliyopita ya kampuni hiyohiyo na ya wenzake wa biashara ile. Ukiridhika kwamba ni rahisi, ndipo uutazame mstari. Bei ikiwa bado chini yake na mstari wenyewe unainama, huna haraka: gawa pesa yako mafungu, nunua kidogo, ngoja. Ikishavuka juu na mstari kuanza kuinuka, ongeza. Utakosa bei ya chini kabisa, na mimi sioni hasara hapo. Ila usinunue na kuuza kila inapovuka, kwa sababu bei hupenda kuchezea pale kwenye mstari, juu leo chini kesho, na kila mzunguko dalali anachukua kamisheni yake.

Kuna hisa ambazo mstari huu hausemi lolote kuzihusu. Katika masoko yetu zipo zinazokaa siku nyingi bila mtu kuuza wala kununua, bei inabaki ileile, na wastani unakuwa nakala ya bei hiyo. Hapo tazama kwanza hisa ngapi zinabadilishana mikono kwa siku, maana siku ukihitaji ada ya mtoto unaweza ukakosa mnunuzi. Angalieni pia mgawanyo wa hisa. Mwaka 2009 benki ya Equity iligawanya kila hisa moja kuwa kumi. Mwenye hisa hakupoteza kitu, lakini kwenye chati isiyorekebishwa bei inaonekana imeporomoka chini ya wastani kwa siku moja.

Na kubwa kuliko yote, ipo kampuni ambayo bei iko chini kwa sababu kampuni yenyewe inakufa. Mumias Sugar iliingia sokoni mwaka 2001, ikapendwa na wengi. Ilipositishwa kuuzwa mwaka 2019 hisa moja ilikuwa chini ya shilingi. Katika safari hiyo ya kushuka, bei ilikuwa chini ya wastani karibu muda wote, na kila mara alikuwepo mtu wa kusema imekuwa rahisi mno. Wastani wa faida ya zamani nao ungemdanganya, kwa sababu faida zile hazikuwa zinarudi. Ndiyo maana nasisitiza madeni: ukiona hasara mwaka wa pili mfululizo na mikopo inaongezeka, weka kalamu chini, hata namba nyingine zikupendeze vipi.

Kwa hiyo kwako wewe unayetaka kuchukua mkopo wa chama ununue leo kwa sababu ya mstari tu, jibu langu ni hapana. Mkopo una tarehe, bei haina. Niletee kwanza faida za miaka mitano za kampuni hiyo na madeni yake, tuzipige hesabu pamoja.