Daraja za Vitabu vya Wahindu

Enyi ndugu wanafunzi, liko kosa lililozoeleka katika kujadiliana na jirani zetu Wahindu. Mtu hutwaa kisa chochote katika kitabu chao chochote, kisha akasema: "Hivi ndivyo isemavyo dini yenu." Hali ya kuwa vitabu vyao havikulingana daraja, na wenyewe wamevipambanua tangu zama za kale.

Fungu la kwanza huitwa shruti, yaani yaliyosikiwa. Nalo ni Veda nne: Rigi, Yajuri, Sama na Atharva, pamoja na Upanishadi zilizo mwisho wake. Fungu la pili ni smriti, yaani yaliyokumbukwa. Humo zimo sheria za Manu, Ramayana, Mahabharata na Purana. Kanuni ya wanavyuoni wao ni kwamba smriti ikipingana na shruti, hushikwa shruti.

Lakini jihadharini na mambo mawili.

La kwanza, msidhani kuwa shruti ni wahyi kama tuujuavyo sisi. Madhehebu ya Mimamsa husema kuwa Veda hazina mtungaji kabisa, si mtu wala Mungu. Na madhehebu ya Nyaya husema kuwa ni maneno ya Mungu. Basi hata juu ya asili ya kitabu kikuu wamekhitalifiana.

La pili, kitabu chenye daraja kubwa sicho lazima kisomwacho sana. Bhagavad Gita imo ndani ya Mahabharata, kwa hivyo huhesabiwa smriti. Juu ya hayo Shankara, yapata karne ya 8, aliiandikia sharhi kama alivyoziandikia Upanishadi, na leo wengi huijua kuliko Veda. Kinyume chake, Dayananda Saraswati, aliyeasisi Arya Samaj mjini Bombay mwaka 1875, alizikataa Purana na kurejea kwenye Veda. Mfuasi wake ukimletea hoja ya Purana, hukumlazimisha kitu.

Tuna mfano mwema katika Al-Biruni. Yeye alijifunza Kisanskriti, na yapata mwaka 1030 akaandika kitabu juu ya Bara Hindi, akizieleza itikadi za watu wale kwa maneno yao wenyewe.

Basi kabla hujamhoji jirani yako, muulize: "Kitabu hiki kwako kina daraja gani?" Kumsingizia mtu asiloliamini ni dhulma, ijapokuwa dini yake si yako.