Hidrojeni ya Galaksi za Kale: Anzia kwa Fundi Bati wa Mkonze

Ukitaka kupima gesi ya galaksi ambayo mwanga wake ulianza safari kabla Dunia haijakuwepo, nenda kwanza kwa fundi bati, kama huyu wa hapa Mkonze, Dodoma. Pembe ya antena atakayokutengenezea haitaifikia galaksi hiyo, na sababu utaiona hatua ya nne. Lakini bila pembe hiyo, namba za hatua za mwisho utazikariri tu.

Tunachokitafuta ni atomi ya hidrojeni ambayo bado ina elektroni yake. Hutoa wimbi la redio la sentimita 21.1, yaani masafa ya 1420.4 MHz. Hendrik van de Hulst alilitabiri mwaka 1944. Harold Ewen na Edward Purcell walilinasa Machi 1951 kwa pembe ya mbao waliyoichomoza dirishani pao Harvard, na mvua ikinyesha maji yaliteremkia humo hadi maabara. Kwa hiyo usione haya ya debe lako.

Hatua ya kwanza: pembe. Tafuta debe la tina la mstatili, upana kama sentimita 16.5 na kina 10.5, kisha kata upande mmoja wa mwisho. Kwenye ubavu mpana, sentimita 6.9 kutoka kitako, toboa tundu katikati ya upana na funga soketi ya antena yenye waya wa shaba wa sentimita 5 unaoingia ndani. Fundi aunganishe mdomo wa debe na bati linalopanuka hadi kama sentimita 75 kwa 60. Mishono yote izibwe kwa risasi au utepe wa alumini. Ifunge pembe kwenye nguzo. Upepo wa Dodoma wa Julai hauna utani. Yangu niliikuta kwenye michongoma ya jirani.

Hatua ya pili: kipokezi. Unahitaji kikuza mawimbi chenye kichujio cha 1420 MHz (SAWbird+ H1 ya Nooelec inatosha), kijiti cha USB cha RTL-SDR na kompyuta. Kikuza kikae kwenye soketi yenyewe. Ukitanguliza waya mrefu unakuza kelele za waya. Zima inveta ya sola na taa za LED, tumia betri.

Hatua ya tatu: sikiliza. Mapema Agosti, saa tatu usiku, kitovu cha galaksi yetu kinakuwa juu sana upande wa kusini wa Mkonze, nyuzi kama 67 kutoka upeo. Kabla ya kuelekeza pembe huko, ielekeze ardhini, ambako joto ni kama kelvini 300, kisha mahali pa anga palipo mbali na ule mkanda mweupe wa nyota. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo rula yako. Sasa geukia mkanda na ukusanye kwa dakika tano.

Mwanzoni utaona mchoro unaotetemeka tu. Usiguse kitu. Muda ukiongezeka mara nne, kelele hupungua nusu, na taratibu kichuguu kitainuka karibu na 1420.4. Kikisogea kilohezi 4.74, gesi inakwenda kilomita moja kwa sekunde: masafa yakishuka inatukimbia, yakipanda inatujia, kama honi ya basi linapokukaribia na kukupita.

Hatua ya nne: tambua kwa nini Mkonze haitoshi. Kipande cha 1400 hadi 1427 MHz kimehifadhiwa kimataifa. Hakuna anayeruhusiwa kurusha humo. Lakini galaksi za mbali hazibaki humo. Ulimwengu unapanuka na kulivuta wimbi, na sisi tunagawa 1420.4 kwa 1+z, ambapo z ni mhamo mwekundu. Galaksi ya z=0.5 inaangukia 947 MHz, kwenye minara ya simu. Ya z=1 iko 710, simu tena. Ukirudi nyuma hadi z=13 uko 101 MHz, katikati ya redio za FM. Ndiyo maana sahani 64 za MeerKAT ziko jangwani Karoo, Afrika Kusini, nchi iliyotunga sheria ya kulinda ukimya huo mwaka 2007.

Hatua ya tano: zijumlishe. Hata huko, galaksi moja ya z=1 ni hafifu mno. Mwaka 2020 Aditya Chowdhury, Nissim Kanekar na wenzao, wakitumia darubini ya GMRT ya India, walichukua galaksi 7,653 ambazo z zake zilijulikana tayari kwa mwanga, wakasogeza kila spektra (mchoro kama ule wa hatua ya tatu) mahali pake na kuzijumlisha. Ni subira ya hatua ya tatu, ila galaksi zimechukua nafasi ya dakika.

Ili kupata uzito kwa kipimo cha Jua, zidisha 235,600 kwa mraba wa umbali (wa mng'ao, katika megaparseki), kisha kwa jumla ya mawimbi katika jansky-kilomita kwa sekunde, na ugawe kwa 1+z. Jaribu: z=1, umbali 6,600, mawimbi 0.0023. Utapata takriban Jua bilioni 12, karibu kabisa na wastani walioupata wao.

Hatua ya sita: zile za mwanzo kabisa. Zaidi ya hapo redio bado haijafikia galaksi mojamoja, kwa hiyo tunapima kivuli. Hidrojeni hunyonya mwanga wa nanomita 121.6; kwa z=10 unyonyaji huo uko mikromita 1.34, ambako darubini ya James Webb inaona vizuri. Spektra zake nyingi hupatikana bure mtandaoni. Tazama ukingo: ukikatika ghafla, gesi ni kidogo, ukiteleza polepole kama mteremko, ni nyingi. Kasper Heintz na wenzake walionyesha mwaka 2024 galaksi tatu za z ya takriban 9 hadi 11 zenye mteremko wa namna hiyo, zaidi ya atomi 10²² kwa sentimita ya mraba.

Idadi hiyo ni sawa na Jua 80 kwa kila parseki ya mraba. Galaksi yenye nusu kipenyo cha parseki 500 itakupa Jua milioni 63. Andika «angalau» mbele yake, maana nusu kipenyo hicho umekipima kwa nyota, na gesi huenda imetanda mbali zaidi. Kisha hakikisha sehemu ya kivuli si ya gesi iliyo nje ya galaksi, kati yake na sisi.